Thomas Parker na Kapu la Dhahabu

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani ambaye maisha yake yaweza kuwafaa vijana walioko madarasani sasa. Najua wengi wangependa habari za shujaa wa vita au mvumbuzi. Mimi nimemchagua mwanasheria wa Kiingereza aliyetiwa hatiani kwa kupokea fedha kwa ajili ya vyeo, na sababu nitaieleza mbele kidogo.

Thomas Parker alizaliwa katika miaka ya 1660 mjini Leek, jimbo la Staffordshire. Baba yake alikuwa wakili wa mji mdogo, si mtu wa ukoo mkubwa. Kijana alisoma shule mjini Newport, kisha Chuo cha Trinity huko Cambridge, na mwaka 1691 akakubaliwa kusimama mahakamani kama mwanasheria. Alikuwa na ulimi mzuri na kichwa chepesi, na wateja wakamfuata. Mwaka 1705 watu wa Derby wakampeleka Bungeni. Mwaka 1710, Bunge lilipomshtaki kasisi Henry Sacheverell kwa mahubiri yaliyoikera serikali, Parker alikuwa miongoni mwa waendesha mashtaka, na mwaka huo huo akafanywa Jaji Mkuu. Serikali iliyofuata, ya chama cha Tory ambacho hakikuwa chake, ilitaka kumpa Muhuri Mkuu wa dola. Alikataa. Hilo vijana walishike, maana huyu hakuanza kama mlafi.

Malkia Anne alipofariki mwaka 1714, Mfalme George wa Kwanza alikuwa bado Ujerumani, na Parker akawa mmoja wa wakubwa walioshika nchi mpaka mfalme alipowasili. Tangu hapo mambo yake yalikwenda kasi. Mwaka 1716 alinunua ngome ya Shirburn pamoja na ardhi yake huko Oxfordshire, na mwana wa wakili akawa kabaila. Mwaka 1718 alipewa Muhuri Mkuu, safari hii akaupokea, akawa Lodi Chansela, mkuu wa sheria wa nchi nzima. Mwaka 1721 akawa Earl wa Macclesfield. Pale Shirburn alimkaribisha William Jones, yule mtaalamu wa hesabu aliyekuwa wa kwanza kuitumia alama ya pai mwaka 1706, alama ambayo sisi sote tuliandikiwa ubaoni Kidato cha Kwanza. Na mwaka 1723 aliujengea mji wake wa Leek shule.

Sasa tuje kwenye kapu.

Chini ya Lodi Chansela kulikuwa na Mahakama ya Chansela, na ndani yake maofisa walioshika amana: mali za yatima, za wajane, na fedha za watu waliokuwa wakigombania urithi. Fedha hizo zilikaa mikononi mwa ofisa mwenyewe. Kesi zilichukua miaka mingi, na faida iliyopatikana kwa kuzizungusha ilikuwa yake. Ndiyo maana cheo hicho kilinunuliwa. Aliyetaka kuteuliwa alimpa Chansela zawadi, na Chansela waliotangulia walizipokea. Parker alipandisha bei. Ofisa mmoja, Francis Elde, alipeleka gini 5,000, fedha nyingi kupita kiasi kwa siku zile, na akazipeleka zikiwa ndani ya kapu. Kapu likaingia nyumbani kwa Chansela bila kelele.

Mnunuzi alizipata wapi? Hapa ndipo penye ujanja. Aliyeondoka alimkabidhi aliyeingia fedha za amana, na bei ya cheo mara nyingine ilitolewa humo humo. Yatima, bila kujua, ndiye aliyemnunulia ofisa kiti chake.

Naomba radhi niingize habari zangu. Mwaka wangu wa pili kazini, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilikabidhiwa funguo za kasha. Aliyekuwa akihama alikuwa mtu mzima, nikimwita Mzee, na gari lilikuwa likimngoja nje. Niliona haya kumhesabia fedha mbele ya macho yake. Nikatia sahihi daftari la makabidhiano. Jioni nikahesabu peke yangu, na mshahara wangu ukakatwa kwa miezi minane. Chuo Kikuu tuliipitia kesi ya Parker upesi upesi ili tufaulu mtihani. Baada ya ile miezi minane niliisoma upya, taratibu.

Mwaka 1720 hisa za Kampuni ya South Sea zilipanda kama moshi kisha zikaanguka, na baadhi ya maofisa wale walikuwa wamechezea humo fedha za amana. Mmoja wao, Dormer, alikimbilia Uholanzi akiacha pengo kubwa. Parker alijua. Badala ya kulitangaza, alitaka maofisa wenzake wachange paundi 500 kila mmoja ili kuliziba, na wadai wakaendelea kuambiwa wasubiri. Mimi naona kosa lake kubwa liko hapa kuliko kwenye kapu. Kapu alilirithi. Kuficha pengo alikuchagua mwenyewe.

Januari 1725 alijiuzulu, na Mei mwaka huo akashtakiwa mbele ya Malodi. Philip Yorke, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye Parker ndiye aliyemwinua, aliomba asishiriki katika kumshtaki, akakubaliwa. Utetezi wa Parker ulikuwa kwamba hiyo ni desturi, na waliomtangulia walifanya vivyo hivyo. Malodi 93 wote kwa sauti moja walimtia hatiani. Faini ilikuwa paundi 30,000, na alikaa wiki sita katika ngome ya London mpaka alipoilipa. Mwezi huo huo alinyongwa jambazi Jonathan Wild, naye mzaliwa wa Staffordshire, na watu wa mitaani hawakukosa la kusema kuhusu jimbo hilo.

Mwaka 1726 Bunge liliweka Mhasibu Mkuu wa mahakama ile, na fedha za amana zikaanza kutunzwa Benki ya Uingereza badala ya kukaa mikononi mwa maofisa.

Parker hakurudi tena serikalini. Mwaka 1727, Isaac Newton alipozikwa Westminster, alikuwa mmoja wa watu sita walioshika kitambaa cha jeneza, na mwingine kati ya hao sita alikuwa Lodi Chansela mpya, aliyekikalia kiti chake. Alifariki London tarehe 28 Aprili 1732, nyumbani kwa mwanawe George, akazikwa Shirburn.