Hanga wa Unguja na nyumba aliyoiacha Moscow

Mtu wa Butare, wilayani Rusizi, akitaja kwao inambidi aeleze ni Butare ipi. Wengi humdhania anatoka mji wa chuo kikuu, ule ambao sasa unaitwa Huye. Yake ni hii ya Cyangugu ya zamani, upande wa msitu wa Nyungwe, ambako siku ya biashara inaweza kuanza Rwanda ikaishia Bukavu, na ambako si ajabu familia moja kuwa na mama wa upande huu wa mto na wakwe wa upande ule.

Watu wa maeneo kama haya watayaelewa kwa urahisi maisha ya Abdullah Kassim Hanga, ingawa mwenyewe alikuwa Mzanzibari na ukweni kwake kulikuwa Moscow. Vitabu vya historia vinamtaja zaidi kwa siasa: alikuwa mtu wa pili kwa Rais Abeid Amani Karume katika serikali iliyoundwa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na miaka mitano baadaye akauawa na serikali hiyo hiyo. Habari za nyumba iliyompokea akiwa mwanafunzi huwa zinapitwa haraka. Ni nyumba hiyo iliyobaki na jina lake.

Hanga alizaliwa mwaka 1932. Kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka elimu ya juu miaka ile alikuwa na milango michache. Makerere ya Kampala ilichukua wachache kutoka makoloni yote ya Waingereza. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kikafunguliwa mwaka 1963 katika ile Butare nyingine. Aliyekosa nafasi karibu, au aliyetaka kuona zaidi, alipanda meli. Hanga aliyekuwa mwalimu alikwenda London, na huko akaingia katika duru za wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakipanga namna ya kumwondoa mkoloni. Kutoka London akaelekea Moscow.

Wakati wenyewe ulikuwa mzuri kwa mgeni kutoka Afrika. Februari 1960 serikali ya Kisovieti ilitangaza kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kwa ajili ya vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Mwaka uliofuata, baada ya kuuawa kwa Patrice Lumumba, chuo kikapewa jina la waziri mkuu huyo wa Kongo, na mpaka leo wazee wa pande zote mbili za mto Rusizi wanakifahamu kwa jina hilo. Mwanafunzi hakulipa karo. Mwaka wa kwanza alijifunza Kirusi kabla ya kuingia katika masomo yenyewe, alipata posho ya kila mwezi na alisaidiwa kupata nguo za baridi. Ukarimu huo ulikuwa na hesabu zake. Wakati huo Wasovieti na Wamarekani walikuwa wakigombania marafiki katika nchi zilizokuwa zikipata uhuru, na mwanafunzi mmoja aliyerudi kwao kuwa waziri alilipa gharama za wengi.

Mgeni aliwekwa bweni, si katika nyumba ya mtu. Kuingia katika familia ya Moscow, kula mezani kwao na kuitwa mwana, kulihitaji njia nyingine. Hanga aliipata kwa kuoa.

Mkewe alikuwa Lily Golden, mtafiti katika Taasisi ya Afrika ya Chuo cha Sayansi cha Kisovieti, taasisi iliyokuwa changa wakati huo. Lily alikuwa msomi wa historia, mchezaji wa tenisi na mpenzi wa muziki. Ukitazama karatasi zake, alikuwa raia wa Kisovieti kama wengine. Ukimtazama mwenyewe, alikuwa mwanamke mweusi.

Baba yake, Oliver Golden, alikuwa Mmarekani mweusi kutoka Mississippi, mtoto wa nchi ya pamba, ambaye pia alipata kusoma Moscow katika miaka ya 1920. Mama yake, Bertha Bialek, alizaliwa Warsaw katika familia ya Kiyahudi iliyohamia New York. Ndugu za Bertha hawakuukubali uhusiano wake na mtu mweusi, na Marekani ya wakati ule, yenye majimbo mengi yaliyopiga marufuku ndoa kama hiyo kwa sheria, haikuwa na nafasi kwao. Mwaka 1931 Oliver aliongoza kundi la wataalamu weusi wa kilimo kwenda Uzbekistan kusaidia zao la pamba. Walikusudia kurudi. Lily alipozaliwa Tashkent mwaka 1934, wazazi wakafikiri maisha yatakayomngoja mtoto huyo Marekani, wakaamua kubaki. Oliver alifariki mwaka 1940, na Bertha akamlea binti yake peke yake, akiishi kwa kufundisha Kiingereza.

Kwa hiyo ile inayoitwa familia ya Kirusi ya Hanga haikuwa na Mrusi hata mmoja kwa damu. Mama mkwe alikuwa Myahudi wa Poland aliyekulia New York, mke alikuwa mzaliwa wa Uzbekistan, na marehemu baba mkwe alikuwa mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa Marekani. Lugha ya mtaani ilikuwa Kirusi, lakini Bertha alikuwa mwalimu wa Kiingereza na Hanga alikuwa ametoka London. Mama mkwe na mkwewe hawakuhitaji mkalimani. Anayeishi mpakani anazijua nyumba za namna hii, ambazo karani akiuliza kabila la wenyeji kalamu yake inasimama.

Binti yao alizaliwa Moscow tarehe 1 Mei 1962, Sikukuu ya Wafanyakazi. Akaitwa Yelena. Kwa desturi ya Warusi, mtu hutajwa kwa jina lake likifuatiwa na la baba yake, hivyo rasmi mtoto akawa Yelena Abdulayevna, yaani Yelena binti Abdullah, jambo ambalo bibi yeyote wa Unguja angelielewa bila kufafanuliwa. Jina la ukoo nalo lilibadilika kidogo njiani. Lilipoandikwa kwa herufi za Kirusi, kisha likarudishwa katika herufi zetu, likawa Khanga. Mchuuzi wa nguo akilikuta katika pasipoti anaweza kudhani ni bidhaa.

Hanga hakukaa kumwona akikua. Zanzibar ilikuwa ikielekea uhuru, chama chake cha Afro-Shirazi kilikuwa katika mvutano mkali na vyama vya Nationalist na ZPPP, na yeye alikuwa miongoni mwa vijana wa chama waliotaka mabadiliko ya haraka. Akarudi. Lily na mtoto wakabaki Moscow na Bertha.

Hapa ndipo wanaomsifu Hanga huwa wanaharakisha. Kuacha mke na kitoto kichanga kwa ajili ya nchi ni jambo linalosimuliwa kishujaa na wale ambao hawakuachwa. Lily alikuwa na kazi yake, mama yake na lugha yake Moscow. Zanzibar asingekuwa na chochote ila mume aliyekwisha kuwa mtu wa watu. Hakwenda kuishi huko, na ndoa ikafa kwa umbali kabla siasa hazijaimaliza.

Uhuru wa Zanzibar ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Sultani ikapinduliwa. Karume akawa Rais, Hanga akawa wa pili wake, na Abdulrahman Babu akashika mambo ya nje. Maelfu ya watu waliuawa katika siku zile, wengi wao Waarabu, na maduka ya Waarabu na Wahindi yaliporwa. Hanga alikuwa kiongozi wa juu wa serikali iliyozaliwa katika damu hiyo, na maisha yake hayawezi kuandikwa kwa kuliruka hilo. Aliyeonja wema wa watu wasio wa kabila lake huko ugenini alirudi kushika madaraka katika kisiwa ambamo mtu aliweza kufa kwa sababu ya asili yake.

Muungano na Tanganyika ulipokuja mwezi Aprili mwaka huo huo, alihamia Dar es Salaam na kuwa waziri katika serikali ya Muungano. Kwa nje kilikuwa cheo kikubwa. Kwa ndani alikuwa ameondolewa Unguja, mahali penye nguvu zake, na Karume alikuwa akiwatazama kwa shaka wasomi waliorudi na fikra za ng'ambo. Urafiki wake na Oscar Kambona ulimzidishia mashaka. Kambona alipogombana na Mwalimu Nyerere na kukimbilia London mwaka 1967, rafiki zake wote waliingia katika darubini. Hanga alikuwa nje wakati fulani, akapitia Guinea kwa Sekou Toure, kisha akarejea Tanzania. Angeweza kubaki huko huko, lakini alirudi, akakamatwa. Baadaye Nyerere alimfedhehesha hadharani mbele ya umati wa watu katika viwanja vya Mnazi Mmoja.

Aliachiwa, lakini si kwa muda mrefu. Mwaka 1969 alikamatwa tena, akakabidhiwa kwa serikali ya Zanzibar pamoja na Othman Sharif, waziri mwenzake wa mwanzo wa Mapinduzi. Walidaiwa kupanga njama dhidi ya Karume. Hapakuwa na kesi ya wazi ambayo ndugu wangeweza kwenda kuisikiliza. Waliuawa. Hanga alikuwa na umri wa miaka 37, na binti yake Moscow alikuwa na miaka saba.

Kilichofuata kwa Lily ni kile kinachoipata familia yoyote ambayo mtu wake amepotelea upande wa pili wa mpaka: habari za vipande, na ofisi zisizojibu. Umoja wa Kisovieti ulikuwa rafiki wa Hanga akiwa makamu wa rais, na ulikuwa na uhusiano na Tanzania ambao haukutaka kuuvuruga kwa ajili ya mtu mmoja aliyeanguka. Lily aliendelea na utafiti wake, akaandika juu ya watu wenye asili ya Afrika waliokuwemo Urusi tangu zamani. Bertha alisaidia kumlea mjukuu na kumpa Kiingereza chake mpaka alipofariki katika miaka ya 1980.

Kiingereza hicho cha bibi kikawa mtaji. Yelena alikuwa mwandishi wa habari, na mwaka 1987 akapelekwa kufanya kazi katika gazeti la Boston, Marekani, kwa mpango wa kubadilishana waandishi kati ya nchi mbili zilizokuwa zikianza kuzungumza. Huko akawatafuta ndugu wa babu yake weusi na ndugu wa bibi yake Wayahudi, na akawapata wa pande zote mbili. Baadaye akawa mtangazaji wa televisheni anayejulikana kote Urusi. Lily naye alifundisha kwa miaka kadhaa Chicago, na alifariki mwaka 2010.

Upande mmoja tu wa ukoo ulikuwa bado haujaguswa. Kabla ya kuchapisha kitabu cha familia yake mwaka 1992, Yelena alisafiri hadi Tanzania kuwatafuta watu wa baba yake. Aliwakuta. Alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, akiwa na pasipoti ya Kisovieti yenye jina lao. Kaburi la kuzuru halikuwepo. Mwili wa Hanga haukupata kukabidhiwa kwa jamaa zake, na alipozikwa hapajulikani.