Odera Oruka, jirani aliyewahoji wazee

Panda matatu Busia uelekee Kisumu, ukishapita Bumala unaingia Ugenya. Huko ndiko alizaliwa Henry Odera Oruka, 1944. Alisoma Uswidi, akarudi kufundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wasomi wengi wa Ulaya walidai Mwafrika hafikirii peke yake, anakariri tu mila. Oruka akabeba kinasa sauti akaenda vijijini. Mzee akitaja desturi, anambana: kwa nini? Anayeirudia tu ana hekima, sawa. Anayeipima na hata kuipinga kwa hoja zake, huyo ni mwanafalsafa, awe na cheti au hana. (Sisi tulioacha chuo tunampenda hapo.) Wabishi wa Malaba angewakalia kutwa! Hata babake alimhoji. Kitabu kilitoka 1990. Desemba 1995 aligongwa na gari Nairobi, akafa akiwa na miaka 51.