Sir Albert Cook: Daktari wa Mengo na swali la nani alipie matibabu

Juu ya kilima cha Namirembe, mjini Kampala, Hospitali ya Mengo ingali inapokea wagonjwa, zaidi ya miaka 120 tangu ianzishwe. Historia yake haitenganishwi na jina la Albert Cook, tabibu Mwingereza aliyeishi Uganda kwa zaidi ya nusu karne. Maisha yake yalikutana mapema na swali ambalo Waganda wanaendelea kulijadili: nani aamue kuhusu matibabu ya umma, na nani ayalipie?

Cook alizaliwa London mwaka 1870. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 alisafiri na kundi la wamisionari wa Kianglikana hadi Mombasa, na kutoka huko wakaelekea bara, sehemu kubwa ya safari kwa miguu. Februari 1897 walifika Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda. Kundini alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, ambaye Cook alimwoa mwaka 1900.

Mwaka huohuo wa 1897 hospitali ilifunguliwa. Mwaka 1902 radi iliteketeza jengo lake, nalo likajengwa upya kwa matofali. Ndugu yake Albert, daktari Jack Cook, alikuwa amekwisha kujiunga naye, na mwaka 1901 ndugu hao wawili walitambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini. Ugonjwa huo uliua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria, hata serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa pwani ya ziwa. Tangu hapo afya haikuwa tena kazi ya hisani peke yake, bali pia ya amri za dola.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi katika suala la kaswende. Mnamo 1907 na 1908 madaktari wa Kizungu, Cook akiwa mmoja wao, walitangaza kwamba ugonjwa huo umeenea mno Buganda. Watafiti wa baadaye walitilia shaka makadirio hayo, wakieleza kwamba huenda wengi walikuwa na magonjwa yanayofanana nao, kama vile buba. Hata hivyo, hofu hiyo ilizaa sera. Mwaka 1913 serikali ilianzisha kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa katika kilima cha Mulago, na kituo hicho ndicho kilichokua hatimaye kuwa hospitali kuu ya taifa. Lakini sheria za kulazimisha watu kupimwa ziliamsha manung'uniko miongoni mwa Waganda, waliohisi kudhalilishwa.

Katharine alishika njia nyingine. Alisimamia mafunzo ya wakunga wa Kiafrika, na mwaka 1921 Shule ya Ukunga ya Lady Coryndon ikafunguliwa Mengo. Wahitimu wake walipelekwa katika vituo vya uzazi vijijini. Kazi hiyo ilihitaji fedha za kudumu, na misheni haikuwa nazo za kutosha. Ilitegemea sadaka kutoka Uingereza, michango ya wagonjwa na ruzuku ya serikali. Ruzuku ilipoingia, usimamizi wa serikali uliingia nayo.

Cook mwenyewe alionja makali ya usimamizi huo. Mwaka 1917 alianzisha shule ya kufundisha Waafrika utabibu, lakini serikali haikuipa hadhi aliyoitaka. Katika miaka ya 1920 mafunzo ya utabibu yalihamia Mulago, yakaambatanishwa na Makerere, na shule ya Mengo ikafifia. Mwanzilishi alishindwa, ila wazo lake lilibaki: madaktari wa Afrika Mashariki walisomeshwa hapohapo Kampala kwa vizazi vingi.

Cook alipewa heshima ya Sir mwaka 1932. Katharine alifariki mwaka 1938. Albert alibaki Kampala hadi kifo chake mwaka 1951. Kumbukumbu za wagonjwa aliozoea kuziandika kwa uangalifu tangu mwaka wa kwanza zimehifadhiwa, na maktaba ya kitivo cha tiba cha Makerere inaitwa kwa jina lake.

Hakuliacha swali la gharama likiwa limejibiwa. Katika miaka ya 1990 wagonjwa walitakiwa kuchangia malipo hata katika vituo vya serikali. Mwaka 2001, wakati wa uchaguzi wa rais, ada hizo zilifutwa, na maskini wengi wakarudi vituoni, ingawa mara nyingi walikuta dawa zimekwisha. Mwaka 2021 bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa, lakini rais hakuutia saini. Hospitali za makanisa, Mengo ikiwamo, zinaendelea kutoza ada ili zijiendeshe. Kati ya Mulago isiyopaswa kutoza na Mengo isiyoweza kuacha kutoza, familia ya Kampala yenye mgonjwa bado inahesabu fedha zake kabla ya kuchagua kilima cha kupanda.