Kaburi la Rusinga na Deni la Kilindini

Sisi watu wa mwambao tumezoea kuzuru majumba ya wakubwa waliokwisha kufa. Mgeni akitufikia Unguja humpeleka Maruhubi akaone nguzo za jumba alilolijenga Sayyid Barghash, likateketea kwa moto mwaka wa 1899. Akitufikia Malindi humpeleka Gede akaone kuta za jumba la mfalme na za msikiti, miti mikubwa imeotea ndani na kima wanarukaruka juu yake. Tukisha kutazama hutikisa vichwa, tukasema dunia ni mapito, kisha tukarudi majumbani kwetu kula chakula cha mchana.

Safari yangu ya kipupwe haikuwa ya namna hiyo. Niliipa bahari kisogo nikaenda magharibi mwa Kenya, mpaka kisiwa cha Rusinga katika ziwa Nyanza, kuzuru kaburi la mtu ambaye hakuwa sultani wala hakuacha jumba la kifalme. Mtu huyo ni hayati Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai, 1969.

Msomaji huenda akauliza, mtu wa pwani na Mwislamu ana haja gani na kaburi la mkubwa wa bara, tena Mkatoliki? Haja ipo. Tangu utoto wangu nimelisikia jina hilo likitajwa barazani na wazee waliopata kufanya kazi gatini Kilindini, na kila likitajwa baraza hugawanyika pande mbili. Wako waliomtaja kwa shukrani, na wako waliomtaja kwa lawama. Nilitaka kwenda kusimama mahali alipolala, nilipime jambo hili kwa akili yangu mwenyewe.

Nilivuka ziwa kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita. Mtu aliyezoea feri ya Likoni hawi mgeni humo: ni kina mama na vikapu vyao, vijana na pikipiki zao, na upepo wa asubuhi unaomfanya mtu ajikunyate. Tofauti ni kwamba maji yale hayana chumvi na hayana harufu ya bahari. Kutoka Mbita unavuka daraja fupi, nawe umekwisha kuingia Rusinga. Kisiwa ni cha mawe na vilima, na ufukweni dagaa, ambao wenyeji huwaita omena, wameanikwa juu ya nyavu wakimetameta kama fedha. Wenyeji wa asili ni Wasuba, ingawa wengi wao siku hizi husema Kijaluo.

Huku ndiko asili ya wazazi wa Mboya, lakini yeye mwenyewe hakuzaliwa huku. Alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1930, Kilima Mbogo karibu na Thika, katika shamba la mkonge la Mzungu ambako baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa ameajiriwa. Akapewa majina ya Thomas Joseph Odhiambo. Watoto aliocheza nao pale shambani walikuwa wa makabila mbalimbali, na kwa hiyo alikua akisema Kikamba, Kikikuyu na Kiswahili pamoja na lugha ya kwao. Jambo hili tulitie akilini, kwa maana lilimfaa sana baadaye alipofika kwetu.

Alisoma katika shule za misheni, Kabaa katika Ukambani, kisha Yala huko Nyanza, kisha Mang'u. Fedha za baba hazikutosha kumpeleka mbali zaidi, naye akaingia Jeanes School ya Kabete kujifunza ukaguzi wa afya. Alipohitimu akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi. Huko alionja ubaguzi wa mkoloni waziwazi. Mwenyewe alipata kusimulia jinsi bibi mmoja wa Kizungu alivyoingia ofisini na maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu humo, na hali Mboya alikuwa amekaa mbele ya macho yake. Mwafrika alifanya kazi ile ile ya Mzungu, akalipwa kidogo.

Wengine wangalinung'unika kisha wakanyamaza. Mboya aliwakusanya wenziwe wakaunda chama cha wafanyakazi wa mabaraza ya miji, na mwaka wa 1953, akiwa kijana wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya. Siku hizo zilikuwa ngumu. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, viongozi walikuwa kifungoni, na chama cha KAU kilipigwa marufuku. Sauti ya Mwafrika iliyobaki kusikika kwa ruhusa ya sheria ilikuwa hiyo ya vyama vya wafanyakazi.

Hapo ndipo habari yake inapofika kwetu. Mombasa ilikuwa na historia ya migomo. Januari 1947 mji mzima ulisimama, na kiongozi wake, Chege Kibachia, mkoloni alimkamata mwaka huo huo akamhamisha mbali. Machi 1955 makuli wa Kilindini waligoma tena. Meli zilikaa na shehena zao, na serikali iliyokuwa imezoea kutumia bunduki ilikuwa tayari kuzitumia. Mboya alishuka Mombasa akasimama mbele ya makuli: Wamijikenda, Waswahili, Wajaluo, Wakamba na wengineo. Kiswahili alichokipata katika shamba la mkonge ndicho alichokitumia. Aliwashawishi warudi kazini naye akabeba madai yao mezani, na shauri lilipoamuliwa mishahara ikaongezwa. Wazee wa baraza letu wanaomshukuru wanaishukuru siku hiyo. Kijana mgeni asiye na jeshi wala mali aliwatoa katika hatari, nao wakarudi kwa watoto wao na kitu mfukoni.

Baada ya hapo alipaa haraka. Alikwenda Oxford kusoma katika chuo cha Ruskin. Aliporudi, mwaka wa 1957, akachaguliwa na watu wa Nairobi kuingia baraza la kutunga sheria. Desemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano mkubwa wa watu wa Afrika yote uliofanywa Accra kwa Kwame Nkrumah, na umri wake ulikuwa miaka 28. Mwaka wa 1959 akaanza jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko yote, nalo ni kuwapeleka vijana kusoma Marekani. Ndege ya kwanza ilichukua wanafunzi 81. Mwaka uliofuata alimwendea John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Mamia ya vijana wakapata elimu kwa njia hiyo, akiwamo Wangari Maathai, aliyekuja kupewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka wa 2004.

Sasa tuje kwenye lawama, kwa maana maiti hasifiwi kwa uongo. Mwaka wa 1960 KANU ilipoundwa, Mboya alikuwa katibu mkuu wake, na KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu Nairobi. Watu wengi wa pwani hawakuwa na rai hiyo. Wako waliokuwa upande wa Ronald Ngala na KADU, waliotaka majimbo. Wako waliotaka mwambao usimame peke yake, kwa kuwa kwa mkataba ukanda huu ulikuwa mali ya Sultani wa Unguja. Oktoba 1963 jambo hilo lilikatwa: mwambao ukatiwa ndani ya Kenya, kwa ahadi kwamba mahakama za kadhi zitahifadhiwa. Na majimbo nayo hayakudumu. Mboya ndiye aliyekuwa waziri wa sheria na katiba wakati yalipovunjwa, na Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri yenye serikali ya katikati.

Kisha akapewa wizara ya mipango ya uchumi. Mwaka wa 1965 ukatoka waraka maarufu, Sessional Paper nambari 10, ambao wizara yake iliuandaa. Humo mlikuwa na shauri la kwamba fedha za maendeleo zitiwe kwanza mahali penye ardhi nzuri na mvua, ili faida ipatikane upesi kisha iwafikie wengine. Wengine wale bado wanangoja. Wako pwani, wako kaskazini, na ajabu ni kwamba wako hata huku visiwani kwa Mboya mwenyewe, ambako mvua ni haba na udongo umejaa mawe. Nilipoyatazama mashamba ya Rusinga niliona kwamba shauri lile halikumpendelea jamaa wala jirani. Kama lilikuwa kosa, lilikuwa kosa la mtu aliyeamini hesabu zake, wala si la mtu aliyewaibia wengine ili awape wa kwao.

Kaburi liko Kasawanga. Jengo lililosimamishwa juu yake lina umbo la risasi, kwa ukumbusho wa kilichomuua. Sisi dini yetu haikutufundisha kujenga juu ya makaburi, na nakiri kwamba moyo wangu ulisita kidogo mlangoni. Hata hivyo kuzuru kaburi humkumbusha mtu akhera. Niliingia kwa adabu, nikatazama picha za ujana wake, nikasimama kimya.

Nilifikiri juu ya ile Jumamosi. Alikuwa ametoka katika duka la dawa katika barabara ya Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, ndipo risasi zilipompiga. Alikuwa na miaka 38, na mkewe, Bi. Pamela, aliachwa mjane angali kijana pamoja na watoto wadogo. Nahashon Njenga alishtakiwa kwa mauaji hayo akahukumiwa kunyongwa, lakini swali la nani aliyemtuma halijapata jibu hata leo. Mwili ulitolewa Nairobi kwa msafara wa magari, umati wa watu ukilia njia nzima, ukavushwa maji, kwa kuwa siku hizo Rusinga haikuwa na njia ya nchi kavu.

Nilipotoka nje jua lilikuwa limepanda na baridi imepungua. Chini ya kilima niliona watoto wa shule wakipita na madaftari yao, na hapo nikalikumbuka jumba la Maruhubi. Sayyid Barghash alijenga kwa mawe na chokaa, moto ukala. Mboya alitia nguvu zake katika watu. Alilotia katika makuli lilikuwa haki, na alilotia katika vijana lilikuwa elimu, na hivyo viwili moto hauviteketezi, kwa sababu mwenye kuvipata huwapa wengine. Masheikh wetu wametufundisha siku zote kwamba katika yanayobaki baada ya mtu kufa ni elimu inayowafaa watu. Hukumu ya nafsi yake iko kwa Mola wake, lakini manufaa ya kazi yake tunayaona kwa macho yetu.

Je, lawama nimezifuta? La. Haki ya pwani ni haki ya pwani, na itadaiwa kwa njia ya halali mpaka ilipwe. Lakini deni nalo ni deni, na mwungwana haruhusiwi kukumbuka analodai na kusahau analodaiwa. Wazee wetu wa barazani waligawanyika pande mbili, na kila upande ulishika nusu ya kweli.

Nilirudi Mombasa alfajiri, basi likipita Changamwe wakati muadhini anaadhini. Kutoka barabarani niliziona taa za bandari, na wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wakiteremka kwa miguu kuelekea Kilindini, vibuyu vya chai mikononi. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka wa 1955. Wanapokea mshahara mwisho wa mwezi bila kujua kwamba palikuwa na siku ambayo kijana mmoja wa Rusinga alisimama kati ya babu zao na bunduki. Nimeyaandika haya ili wajue, na wakishajua, wawasimulie watoto wao.