John Dewey: Mwanafalsafa Aliyeifanya Shule Kuwa Maabara

John Dewey, mwanafalsafa na mwanaelimu mashuhuri wa Marekani, alizaliwa tarehe 20 Oktoba, 1859 katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont. Baada ya kufundisha shule kwa muda, alipata shahada ya uzamivu mwaka 1884, na mwaka 1894 akajiunga na Chuo Kikuu cha Chicago kuongoza Idara ya Falsafa.

Dewey aliamini kuwa nadharia ya elimu isiyojaribiwa darasani ni sawa na sayansi isiyo na maabara. Kwa msingi huo, Januari 1896 chuo hicho kilifungua shule ya majaribio chini ya uongozi wake, ikiwa na wanafunzi 16 na walimu wawili. Kufikia mwaka 1902 wanafunzi walikuwa wapatao 140.

Katika shule hiyo watoto walipika, walifuma na kuchonga mbao, si kwa lengo la kuwa mafundi, bali kwa sababu kazi hizo ziliwafungulia milango ya hesabu, sayansi na historia. Kundi moja lilichambua pamba kwa mikono kwa nusu saa, likapata chini ya wakia moja ya nyuzi. Hapo watoto wakang'amua wenyewe kwa nini wahenga wao walivaa zaidi nguo za sufu kabla ya kuvumbuliwa kwa mashine ya kuchambulia pamba.

Hata hivyo, mafanikio hayo hayakumkinga Dewey na misukosuko ya kiutawala. Mwaka 1903 shule yake iliunganishwa na shule iliyoanzishwa na mwanaelimu Francis Parker. Mkewe, Alice, aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu, lakini uteuzi huo ulizua mvutano na Rais wa chuo, William Rainey Harper. Mwaka 1904 Alice aliondoka katika nafasi hiyo, naye Dewey akajiuzulu na kuhamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Dewey alifariki dunia tarehe 1 Juni, 1952 akiwa na umri wa miaka 92. Shule aliyolazimika kuiacha ingali hai chini ya Chuo Kikuu cha Chicago, ushahidi kwamba taasisi iliyojengwa juu ya fikra thabiti huweza kudumu hata mwasisi wake anapoondoka.