Tata Raphaël, padri aliyetafutia vijana uwanja

Padri Raphaël de la Kethulle alizaliwa Ubelgiji mwaka 1890. Mwaka 1917 akafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akawa anafundisha watoto masomoni. Lakini wakitoka masomoni hawakuwa na pa kuchezea. Wazungu walikuwa na viwanja vyao.

Mwaka 1919 akaanzisha chama cha michezo cha Wakongomani. Viwanja vilikuwa haba na ekipe zilizidi kuwa nyingi, basi chama ndicho kilipanga nani anacheza siku gani. Kalenda inaonekana kitu kidogo, ila bila kalenda mwenye nguvu ndiye anashika uwanja. Mwaka 1936 akaanzisha Daring, hii DCMP ya sasa. Kiisha kukaja uwanja wa Reine Astrid mwaka 1937, na ule mkubwa, Roi Baudouin, mwaka 1952.

Wakoloni walipenda kazi hiyo: kijana akifuata mpira, hafuati siasa. Hesabu hiyo iliwashinda. Tarehe 4 Januari 1959, mashabiki waliotoka Roi Baudouin walijiunga na watu wa ABAKO, muji ukawaka.

Tata Raphaël alikuwa amekufa tangu 1956. Uwanja wake ukaitwa 20 Mai, Ali akampiga Foreman humo mwaka 1974. Mwaka 1994 Kinshasa ikapata uwanja mkubwa zaidi, Kamanyola, mechi kubwa zikahamia huko. Mobutu alipoanguka, ule wa zamani ukapewa jina la padri. Jina peke yake halikati nyasi: ukazidi kuzeeka, hadi ulipotengenezwa kwa ajili ya Michezo ya Francophonie ya 2023.