Seymour Cray: Bingwa wa kompyuta aliyetegemea mikono

Kompyuta husemwa kuwa zimekuja kuchukua nafasi ya kazi ya mikono. Maisha ya Seymour Cray, mhandisi wa Kimarekani aliyefariki dunia mwaka 1996, yanaonyesha kuwa mambo si mepesi kiasi hicho.

Cray alizaliwa Septemba 28, 1925, katika mji mdogo wa Chippewa Falls, jimbo la Wisconsin. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alitumikia jeshi upande wa mawasiliano ya redio. Vita vilipomalizika alisomea uhandisi wa umeme na hisabati katika Chuo Kikuu cha Minnesota.

Saint Paul

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliajiriwa mjini Saint Paul na kampuni ya Engineering Research Associates, iliyoanzishwa mwaka 1946 ndani ya kiwanda cha zamani cha ndege zisizo na injini.

Mteja wake mkuu alikuwa jeshi la wanamaji, lililotaka kufumbua maandishi ya siri. Kazi hiyo ilikuwa ikifanywa na makarani wengi, hatua kwa hatua, wakisaidiwa na mashine za kadi. Kabla ya kuikabidhi kwa kompyuta, ilibidi kila hatua ichambuliwe. Kompyuta ya kampuni hiyo iitwayo Atlas ilifikishwa kwa wanamaji mwaka 1950.

Mwaka 1957 baadhi ya wakuu wake waliondoka na kuanzisha Control Data, na Cray akajiunga nao. Huko alibuni CDC 6600, iliyotoka mwaka 1964 ikiwa na kasi kuliko kompyuta zote duniani.

Vidole vya wanawake

Mwaka 1972 Cray alianzisha kampuni yake. Kompyuta ya kwanza, Cray-1, ilipelekwa katika maabara ya Los Alamos mwaka 1976.

Umbo lake lilikuwa la duara lisilofungwa, ili nyaya ziwe fupi. Urefu wa waya ndio uliopima muda wa ishara kusafiri, hivyo hakuna uliozidi mita 1.2 hivi. Nyaya hizo ziliunganishwa kwa mikono na wanawake wa Chippewa Falls. Mmoja akikosea, mashine nzima ingeyumba.

Cray mwenyewe alipenda kubuni kwa penseli na karatasi. Inasimuliwa kuwa alipoarifiwa kwamba Apple imenunua kompyuta yake ili kubunia bidhaa zake, alijibu kwamba naye amenunua ya Apple kwa ajili hiyo hiyo.

Kikomo

Katika Cray-3, sehemu zilikuwa ndogo mno kwa vidole vya binadamu, ikabidi roboti zitumike. Gharama zilipanda, mashine haikupata mnunuzi, na mwaka 1995 kampuni aliyoianzisha kwa ajili yake ilifilisika.

Cray alifariki Oktoba 5, 1996, mjini Colorado Springs, kutokana na majeraha ya ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 71.

Aliacha somo kwa kila anayepanga kazi kwa kompyuta: mchoro hauwi mashine mpaka ajulikane atakayeiunda, na kwa mkono upi.